Anga huria Afrika: Sababu ya nauli kutoshuka

Msafiri atokaye taifa moja la Afrika kwenda jingine mara nyingine hulazimika kupitia Ulaya au nchi za Ghuba. Wengi huyalaumu mashirika ya ndege. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tatizo hili imo mikononi mwa serikali.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake. Kwa hivyo, kabla ya shirika kuanza safari za kawaida kwenda nchi nyingine, serikali mbili hupatana kwanza. Mapatano hayo aghalabu hutaja mashirika yatakayohudumu, miji yatakayofikia na idadi ya safari kwa wiki. Ushindani ukibanwa hivyo, nauli hupanda.

Ni vikwazo hivyo ambavyo mawaziri wa Afrika walikubaliana kuviondoa walipokutana Yamoussoukro, Ivory Coast, Novemba 1999. Utekelezaji ulijikokota hadi Januari 2018, Umoja wa Afrika ulipozindua soko la pamoja la usafiri wa anga. Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa 23 ya kwanza kujiunga. Uganda na Tanzania hazikuwemo.

Kiini cha mageuzi hayo ni ile iitwayo haki ya tano. Tuseme ndege ya Kenya inaelekea Freetown kupitia Accra. Bila haki hiyo, haiwezi kuuza tiketi kwa abiria anayepandia Accra na kushukia Freetown. Ikiwa nayo, viti vitupu hujazwa, na safari ambayo ingeleta hasara huweza kulipa.

Mbona basi baadhi ya serikali zinasitasita? Zinahofia kwamba mashirika makubwa yatayameza mashirika yao ya kitaifa, ambayo mengine hutegemea fedha za umma. Hofu hiyo si ya bure, kwani shirika likisambaratika, wafanyakazi hupoteza ajira. Lakini gharama ya kulikinga humwangukia mfanyabiashara, mwanafunzi na mgonjwa anayetafuta matibabu ng'ambo.

Isitoshe, kufungua anga pekee hakutoshi. Bei ya tiketi hubeba pia kodi na ada za viwanja vya ndege, ambazo mkataba wa anga hauzifuti. Serikali itakayofungua anga yake huku ikizidisha ada hizo itakuwa imempa msafiri kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mwingine.