Gari likiwa juu ya jeki, mtoto yuko wapi?

JUMAMOSI moja asubuhi nilipita kwa jirani yangu kurudisha ndoo. Uani nikamkuta fundi amelala chini ya gari, mbele limeinuliwa kwa jeki moja tu. Mtoto wa miaka minne amechuchumaa pembeni, akimpa spana. Mama yake alikuwa jikoni, amefurahi kwamba mwanawe ametulia.

Fundi alikuwa anashusha krosi memba, ile fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti chini ya injini. Ndiyo inayoshika mikono ya magurudumu ya mbele na, katika magari mengi, mashine ya usukani pamoja na mauntingi ya injini.

Wazazi wengi hudhani jeki inatosha. Haitoshi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari dogo la familia lina uzito wa takriban tani moja, na jeki ikivuja au ikiteleza, hushuka ghafla. Kifua kikibanwa mtu hawezi kuvuta pumzi. Dakika chache zinatosha kumuua.

Kazi hii ikifanyika nyumbani kwako, hakikisha haya:

• Gari lipo kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si kwenye mchanga. Hendibreki imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa vizuizi.

• Gari limekaa juu ya stendi mbili za chuma, zilizowekwa kwenye bodi na si kwenye fremu inayofunguliwa. Matofali hupasuka bila taarifa.

• Injini imeshikiliwa kutoka juu kabla bolti hazijalegezwa, na fremu yenyewe ina jeki yake ya kuishusha polepole.

• Usukani umefungwa ukiwa umenyooka. Ukizungushwa wakati umetenganishwa na mashine yake, waya wa eabegi unaweza kukatika.

• Watoto wako ndani ya nyumba, na mtu mzima mmoja amepewa kazi ya kuwaangalia.

Wakati wa kurudisha, bolti zote huanzwa kwa mkono kwanza, kisha hukazwa kwa tokwi renchi kwa kipimo cha mtengenezaji. Muulize fundi bila aibu: “Umekaza kwa kipimo gani? Alaimenti tutapima lini?” Taa ya eabegi ikibaki inawaka, au usukani ukivuta upande, usipakie watoto. Safari ya kwanza iwe ya fundi na mwenye gari, mwendo mdogo.

Gari likimwangukia mtu, piga kelele upate msaada na mtu mmoja apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Kama kifua kimebanwa, inueni gari mara moja kwa jeki nyingine, huku mkiweka magogo au matairi chini yake lisishuke tena. Aliyebanwa mguu au mkono kwa muda mrefu apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwa sababu sumu kutoka kwenye misuli iliyopondeka inaweza kuharibu figo.

Siku ile nilimwita mama yule pembeni. Alimchukua mwanawe bila neno. Fundi naye alitoka chini, akajipangusa mikono, akamtuma kijana wake gereji kuleta stendi. Kazi ilichelewa saa moja.