Gari la familia: kabla ya rangi na rimu, uliza giaboksi

Mtoto wa kwanza anapozaliwa, gari dogo lililowatosha wawili huanza kubana. Toyota IST iliyokuwa ikiwapeleka mjini asubuhi na kuwarudisha Goba jioni sasa inabeba kiti cha mtoto, begi la nepi, dada wa kazi na bibi aliyekuja kulea mjukuu. Masika ikikolea, njia ya kuingia mtaani inageuka korongo na bampa linakwangua chini kila siku. Hapo ndipo mazungumzo ya "gari la juu kidogo" yanapoanza nyumbani. Na kwa kuwa baba na mama wote wanaendesha, tena kwenye foleni za Mwenge na Ubungo jijini Dar es Salaam ambako mguu wa klachi hauna mapumziko, wengi hukubaliana haraka kwamba liwe otomatiki.

Baada ya hapo wanunuzi wengi huenda kwenye sura. Wanaangalia rimu, taa, rangi nyeupe ya lulu na ukubwa wa skrini ya dashibodi. Lakini familia changa aghalabu inanunua gari lililokwishatumika Japani kwa miaka mingi, na haina akiba ya kununua jingine hili likifa. Kwa familia kama hiyo naamini swali la kwanza ni moja: giaboksi yake ni ya aina gani? Ndicho kifaa ambacho kikiharibika, gharama ya kukirudisha inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari zima. Na ndicho ambacho matangazo ya yadi hukitaja kwa neno moja tu, otomatiki, kana kwamba zote ni sawa.

Magari haya, ambayo madalali huyaita krosova, hayana historia ndefu. Toyota ilitoa RAV4 mwaka 1994, Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995, Subaru ikaleta Forester mwaka 1997. Wazo lilikuwa kuchukua gari dogo la kawaida, ambalo bodi na chasisi yake ni kitu kimoja, na kulinyanyua. Ndiyo maana yanatulia kwenye lami na hayali mafuta kama Prado. Ndiyo maana pia hayafai kuvushwa mtoni. Forester ya 2013 ina sentimita 22 kati ya tumbo la gari na ardhi, Mazda CX-5 ina 21, na Premio, gari la kawaida la chini, ina takriban 16. Hizo tano au sita za ziada ndizo mnazolipia. Kwa anayeishi Madale, Kivule au Mbezi Makabe zina thamani yake kamili. Anayekanyaga lami tupu mwaka mzima, na ambaye hata kijijini kwao hakuna vumbi, afikirie upya kama anazihitaji.

Sasa turudi kwenye giaboksi. Otomatiki zilizojaa kwenye yadi zetu ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya miaka yote, yenye gia halisi 4, 5 au 6. Nguvu ya injini inapita kwenye chombo kilichojaa mafuta, kisha klachi ndogo za ndani zinashika na kuachia seti za gia. Ukiwa makini unaisikia inavyobadilisha. Ya pili ni CVT. Hii haina gia za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna mkanda wa chuma, au mnyororo, unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo zinajibana na kujipanua ili kubadilisha mwendo. Haina mshtuko, na petroli inaokolewa. Kwa mmiliki wa Japani mwenye barabara laini, anayepeleka gari sevisi kwa wakati, ni kifaa kizuri kabisa.

Shida huanza gari likifika kwetu. Mkanda ule unashika puli kwa msuguano tu, na kinachoulinda ni mafuta maalumu yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa. Mafuta yakichoka, au yakipata joto kupita kiasi, chuma kinateleza juu ya chuma, unga wa chuma unasambaa ndani, vali zinaanza kukwama. Chukua gari lenye watu watano na buti lililojaa mizigo ya sikukuu, likipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto mchana wa Desemba, na mafuta ya giaboksi hayajaguswa tangu literemshwe bandarini. Humo CVT inateseka. Halafu kuna kosa la gereji: fundi anaongeza haidroliki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. CVT ya Nissan X-Trail ya 2007 hadi 2013 inataka mafuta yanayoitwa NS-2, na ya umbo lililofuata inataka NS-3. Honda wana yao na Toyota wana yao. Kuchanganya ni kuiua.

Wala si haki kuwabebesha mafundi wetu lawama yote. Nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Rogue, ndugu wa damu wa X-Trail, ilikuwamo. Dualis ya Nissan nayo ina CVT. Bei za X-Trail na Dualis huvutia ukilinganisha na RAV4 ya rika lake, na familia nyingi zinavutwa na bei hiyo bila kuuliza sababu yake.

Msimamo wangu basi ni huu: gari likishazidi miaka 10, chagua lenye gia halisi. Forester ya umbo lililoishia 2012 ina gia 4. Ni teknolojia ya zamani na inakula mafuta zaidi, ila fundi mzuri anaielewa. Forester zilizofuata nyingi ni CVT. CR-V ya 2006 hadi 2011 ina gia 5 na injini ya 2.4 isiyo na makuu. X-Trail ya kabla ya 2007 ina gia 4. Toyota Rush ina gia 4 na injini ya 1.5, inapita kwenye mashimo bila kulalamika, lakini buti lake ni dogo na mkokoteni wa mtoto utalijaza lote.

Kwa mwenye fedha kidogo zaidi, ningemwelekeza kwenye Mazda CX-5. Tangu ilipotoka mwaka 2012, otomatiki zake zote ni za gia 6 halisi, na bado inabana matumizi ya mafuta. Achukue ya petroli. Ile ya dizeli ya 2.2 ina nguvu tamu na ulaji mdogo, lakini ina chujio la moshi linalojisafisha kwenye safari ndefu za mwendo wa kutosha. Gari la kupeleka mtoto shule na kurudi kupitia sokoni halipati nafasi hiyo, na chujio linaziba.

RAV4 inahitaji maneno yake, maana Watanzania wengi wanaiamini kwa kufumba macho. Ile ya 2000 hadi 2005 yenye injini ya D4 mafundi wanaijua vizuri. Haipendi petroli chafu. Ile iliyofuata, yenye injini ya 2.4 na iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ni CVT, na nimekutana na wamiliki wasiolijua hilo. Vanguard yenye injini hiyohiyo ni vilevile. Injini yenyewe, 2AZ-FE, katika matoleo ya takriban 2006 hadi 2009 ina sifa ya kunywa oili, kwa hiyo kijiti cha kupimia kichomolewe mara kwa mara. Wema wake upo: spea zake ziko kila kona, na siku ya kuuza hutazunguka. Ukipata iliyotunzwa, yenye kumbukumbu za sevisi, chukua, hata kama ni CVT. Vezel ya haibridi ya miaka ya mwanzo ningeiacha. Giaboksi yake ni ya aina nyingine tena, ya klachi mbili, na Honda yenyewe iliiita kuirekebisha zaidi ya mara moja.

Kabla ya kutoa fedha, nenda Ilala au Gerezani ukaulize bei ya bushi, shokapu, breki pedi na rejeta za gari unalolitaka. Spea za Mazda na Subaru hazipatikani kila duka kama za Toyota. Nusu siku ya kuzunguka itakwambia mengi kuliko dalali.

Kuhusu kuvuta magurudumu manne, nitasema kwa ufupi. Kama mlima wa mtaani kwenu una udongo wa utelezi, lipieni. Kama hauna, yenye kuvuta mbele tu ni nyepesi, inakula kidogo, na ina vitu vichache vya kuharibika.

Tuhamie kiti cha nyuma, ambako ndiko familia ilipo. Mtoto mchanga kupakatwa na mama ni jambo tulilolizoea, na ni hatari kubwa. Gari likigonga kitu, hakuna mikono inayoweza kumshika. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya wachanga kwa asilimia 71. Kiti cha mchanga hutazama nyuma na kinakaa siti ya nyuma. Kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Nendeni yadi na kiti chenu. Kifungeni, kisha aliye mrefu zaidi kati yenu akae siti ya mbele yake. Magoti yakigusa dashibodi, gari hilo ni dogo kwenu hata kama kwa nje ni kubwa. Ingiza pia vidole kati ya mgongo na makalio ya siti, utafute vyuma vya ISOFIX vya kunasia kiti. Japani ilivifanya vya lazima kwa magari mapya kuanzia 2012, hivyo gari la baada ya hapo lina nafasi nzuri zaidi ya kuwa navyo.

Viti vya safu ya tatu visiwadanganye. Katika Vanguard na Outlander ni vya watoto wakubwa au safari fupi, na vikifunguliwa buti linabaki ufito. Tena wanaokaa huko wako karibu mno na mlango wa nyuma.

Kuna jambo ambalo linaniuma kwamba halizungumzwi vya kutosha kwetu. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyofungwa kwenye Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na chapa nyingine nyingi. Kilipuzi chake, amoniamu naitreti, huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu. Kikishaharibika, mfuko unafumuka kwa nguvu ya kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa waliomo. Nchini Marekani pekee iliamriwa mifuko milioni 67 ibadilishwe, na watu zaidi ya 20 wamekufa huko. Takata ilifilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Magari ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010 yaliyoondoka Japani kabla ya kurekebishwa yamo barabarani kwetu. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza gari, au umwombe wakala wake hapa nchini aiangalie. Fanyeni hivyo hata kwa gari mlilonalo tayari.

Kuhusu fedha, bei ya Japani ni mwanzo tu. Kwa Tanzania Bara, injini iliyozidi cc 2000 ina ushuru wa bidhaa wa juu zaidi ya ile iliyo chini ya hapo, na gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, unaopanda tena likizidi 10. Mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) wa kukokotoa kodi uko wazi mtandaoni; tumieni kabla ya kulipa hata shilingi. Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa wanaoagiza nje wana CVT zenye umri mdogo zaidi, na onyo langu kwao ni jepesi kidogo. Anayenunua la mkononi hapahapa nchini akague pia deni la faini za barabarani na la maegesho kwa namba ya gari.

Siku ya kulijaribu, fikeni asubuhi injini ikiwa ya baridi. Gari lililowashwa na kupashwa kabla hamjafika linaweza kuficha mengi. Kanyaga breki, toa P, weka R, kisha D. Gari likichelewa kushika au likagonga, hilo ni jibu. Tafuta mlima, panda polepole, usikie kama injini inalia huku mwendo haupandi. Kwenye lami, kati ya kilomita 40 na 80 kwa saa, sikiliza mtetemo. Peleka likapimwe kompyuta kwa fundi wako, si wa muuzaji. Kama lilipita mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake limewahi kupata ajali likatengenezwa.

Mkishanunua, mafuta ya giaboksi yabadilishwe wiki ya kwanza kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na tena kila kilomita 40,000. Mnapoteremka mlima Kitonga, msiiache D mkakanyaga breki njia nzima. Shusheni kwenye gia ya chini, L au 2, injini isaidie kulishika gari na breki zisiungue. Na katika bajeti ya ununuzi tengeni fungu la matengenezo ya miezi sita ya mwanzo, maana gari lililotembea miaka 10 litadai tairi, bushi na betri mapema. Fungu hilo likikosekana kwa sababu fedha zote zimekwenda kwenye gari, basi shukeni ngazi moja, mnunue la bei nafuu zaidi.