Herufi Moja Yenye Gharama: Ryzen 5 5600 na 5600G

Prosesa hizi mbili za AMD hufanana kwa mengi. Kila moja ina viini 6, imekadiriwa wati 65, na hupachikwa kwenye ubao mama wa aina ya AM4. Tofauti kubwa imo katika herufi G.

Ryzen 5 5600G ina sehemu ya kuzalisha picha ndani yake, hivyo haihitaji kadi ya grafiki. Yatosha kwa kazi za ofisi, kutazama video na michezo myepesi. Ryzen 5 5600 haina sehemu hiyo: bila kadi ya grafiki, skrini haitaonyesha kitu, ingawa prosesa ni nzima. Hata hivyo, kumbukumbu yake ya ndani ya ngazi ya tatu ni megabaiti 32, ilhali ya 5600G ni 16; hivyo huifaa zaidi michezo mizito, ikiambatana na kadi nzuri.

Tunamshauri mtumiaji ajumlishe bei ya prosesa na ya kadi kabla ya kulinganisha. Aidha, asome jina lote kwenye boksi, ahakikishe risiti imeandikwa vivyo hivyo, na anaponunua kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, aombe iwashwe mbele yake kabla ya kulipa.