Heri ubishi ardhini kuliko kimya angani

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii ni ya kweli ghalani, lakini angani ina walakini. Mafuta ya akiba yanayobebwa na ndege hayaozi, bali huliwa na safari yenyewe. Ndege ikiongezewa uzito, injini zake hulazimika kutumia mafuta zaidi ili kuubeba uzito huo. Kadirio la kawaida ni kwamba asilimia 3 hivi ya nyongeza huteketea kila saa. Rubani akiomba tani 2 za ziada kwa safari ya saa 10, takriban kilo 500 zitateketea kwa sababu tu zilibebwa.

Hapo ndipo unapozuka ubishi ambao abiria hausikii. Upande mmoja yupo rubani. Upande wa pili yupo mratibu wa safari, yaani afisa wa ardhini anayechagua njia, kuchunguza taarifa za hali ya hewa na kukokotoa mafuta. Hesabu yake ina mafungu yake: mafuta ya kutembea uwanjani kabla ya kuruka, ya safari yenyewe, ya tahadhari endapo upepo utageuka, ya kufikia kiwanja mbadala, na akiba ya mwisho ambayo kwa ndege za jeti ni ya dakika 30. Mathalan, ndege iendayo Nairobi alfajiri haina budi kuwa na mafuta ya kuifikisha Mombasa au Kilimanjaro iwapo ukungu utaufunika uwanja wa Jomo Kenyatta.

Mratibu akishafunga hesabu, rubani huenda akasema, "Niongezee." Mratibu huuliza, "Kwa nini?" Kila mmoja ana hoja. Mratibu anajua gharama. Tena anajua kwamba ndege ina kikomo cha uzito. Uwanja wetu wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ndege haiwezi kuondoka hapo na uzito ambao ingeweza kuondoka nao Mombasa. Mafuta ya ziada yaweza kumaanisha kuacha nyuma shehena ya maua. Rubani naye anajua kuwa karatasi haikutani na mawingu. Atakayekutana nayo ni yeye.

Msomaji aweza kuuliza: mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu mafuta ya ndege? Jibu langu ni kwamba suala hili, kiini chake, ni suala la lugha: nani ana haki ya kusema "hapana", na je, akiisema, itasikika kuwa ni "hapana"?

Tutazame mikasa miwili, yote ya ndege zilizokuwa zikitoka au kuelekea Amerika ya Kusini.

Tarehe 28 Novemba 2016, ndege ya kampuni ya LaMia iliondoka Santa Cruz, Bolivia, ikiwabeba wachezaji wa Chapecoense, klabu ya kandanda ya Brazili, kwenda Kolombia kucheza fainali. Hati ya safari ilionyesha kwamba safari ingechukua saa 4 na dakika 22. Hati hiyo hiyo ilionyesha kwamba mafuta yangetosha kwa saa 4 na dakika 22. Hapakuwa na hata dakika moja ya akiba! Mtumishi wa ofisi iliyopokea hati hiyo alieleza baadaye kwamba alilihoji jambo hilo, naye mratibu wa kampuni akamjibu kuwa mafuta yatatosha. Ndege iliruka. Ilianguka mlimani karibu na Medellín bila mafuta, na kati ya watu 77 waliokuwemo, 71 walifariki, mratibu huyo akiwa mmoja wao. Tena rubani alikuwa mmoja wa wamiliki wa kampuni. Je, ni mratibu gani angethubutu kumkatalia rubani aliye pia mwajiri wake? Swali liliulizwa, lakini aliyeuliza hakuwa na nguvu ya kulifanya swali liwe pingamizi.

Mkasa wa pili ni wa tarehe 25 Januari 1990. Ndege ya Avianca, safari nambari 52, ilikuwa ikitoka Kolombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikaamriwa kuzunguka angani kwa zaidi ya saa moja. Rubani msaidizi aliwaambia waongozaji wa ndege kwamba walihitaji kipaumbele, kisha kwamba mafuta yalikuwa yakiwaishia. Hakulitamka neno "dharura", ingawa rubani mkuu alikuwa amemwagiza alitamke. Sikioni mwa waongozaji, waliozoea kusikia kila ndege ikilalamikia mafuta, maneno hayo hayakuwa na uzito wa kutosha. Injini zilizimika moja baada ya nyingine, na watu 73 kati ya 158 wakapoteza maisha katika kisiwa cha Long Island.

Wachunguzi wa Marekani walilaumu jinsi marubani walivyosimamia mafuta na kushindwa kwao kutangaza dharura. Walitaja pia kwamba hawakuutumia msaada wa waratibu wa ardhini, na kwamba hapakuwa na istilahi sanifu, zinazoeleweka na wote, za kueleza upungufu wa mafuta. Naam, istilahi! Mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipambanua semi mbili: ya kwanza hutahadharisha kwamba ucheleweshaji wowote waweza kuigusa akiba ya mwisho, ya pili, inayoanza kwa "Mayday" mara tatu, hutangaza kwamba akiba hiyo itaguswa. Hazifanani wala haziwezi kukanganywa.

Kuhusu haki ya kukataa, sheria ya Marekani ina funzo. Huko rubani na mratibu hushirikiana wajibu wa kupanga safari, na kila mmoja hutia saini pale tu wote wawili wanapoamini kwamba safari ni salama. Mmoja akikataa, ndege haiondoki. Katika nchi nyingine nyingi, mratibu ni msaidizi tu na uamuzi ni wa rubani peke yake. Wapo wanaouona utaratibu wa saini mbili kuwa chanzo cha mizozo. Mimi nauona mzozo wenyewe kuwa kinga. Watu wawili wenye vipimo tofauti, mmoja akichunga gharama na ramani nzima, mwingine akichunga anga lililo mbele yake, hufikia hesabu iliyo bora kuliko ya yeyote kati yao akiwa peke yake. Sharti ni kwamba kila mmoja atoe sababu, wala si cheo.

Walimu wenzangu, madarasani mwetu tunafundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sina nia ya kuifuta methali hiyo. Lakini mwanafunzi anayeijua hiyo pekee atakuwa yule karani atakayeona hesabu isiyolingana, aulize kwa sauti ya chini, kisha anyamaze. Tumfunze pia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumfunze kusema "Hesabu hii haitoshi" badala ya "Nadhani labda tungeangalia tena." Adabu haipotei mtu anaponena waziwazi, na mkubwa havunjiwi heshima kwa kuulizwa sababu. Ubishi wa nusu saa ofisini huchelewesha safari, lakini anayeshindwa katika ubishi huo hufika nyumbani akiwa hai.