Wasiougua Nao Huhesabiwa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu za wazazi huanza. Swali huwa lile lile: mtoto kasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), alama za udaktari hazikutosha, je, ajaze hizi kozi za "afya afya" kuliko kukaa nyumbani? Mimi nafundisha hizo za afya afya, na jibu langu la kwanza huwa haliwafurahishi. Kama kijana anachotaka ni kutibu, asije. Kwetu hatashika kisu cha upasuaji wala hataandika cheti cha dawa, na miaka mitatu ya kumtamani daktari kwa mbali ni mirefu mno. Aende akasome uuguzi, au stashahada ya utabibu, kisha apande ngazi.

Lakini yupo kijana ambaye akisikia mtaa wa pili umeingia kipindupindu, huuliza kwa nini mtaa wa pili na si wa kwanza. Huyo mleteni, hata kama alama zake za udaktari zilitosha.

Tuseme mganga mkuu wa wilaya ana dawa ya kusafishia maji inayotosha kata moja tu wiki hii. Kata ya mjini imeripoti wagonjwa 60 wa kuhara, ya pembezoni imeripoti 24. Wengi wetu tungeipeleka dawa mjini bila kufikiri mara mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuuliza kwanza: wanaishi watu wangapi kule? Akiambiwa mjini ni 30,000 na pembezoni ni 4,000, picha inageuka. Mjini wameugua wawili katika kila watu 1,000. Pembezoni wameugua sita. Na bado hajamaliza. Hao wa mjini wana zahanati hatua chache kutoka mlangoni, kwa hiyo karibu kila anayeharisha anafika na kuandikwa. Wa pembezoni wangapi wameshindwa nauli, wakajifia au wakapona bila jina lao kuingia kwenye kitabu chochote?

Kugawanya 24 kwa 4,000 ni hesabu ya shule ya msingi. Kazi ni kuipata namba ya chini, ile ya watu wote, wazima na wagonjwa. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vilivyo katika kila zahanati vitakuambia nani alikuja. Havitakuambia nani hakuja. Sensa ya 2022 itakupa idadi ya watu wa kata, ila wavuvi wameshahama na msimu, na machimbo mapya ya dhahabu yamevuta vijana ambao siku ya kuhesabiwa walikuwa kwingine. Epidemiolojia, somo ambalo jina lake huwatisha wengi, kwa sehemu kubwa ni ustadi wa kutoiamini namba mpaka ujue imetoka wapi.

Nikitaka wanafunzi waone uzito wa jambo hili, huwapeleka Rufiji na Morogoro vijijini ya miaka ya 1990. Wizara ya Afya ya Tanzania, ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, IDRC, iliendesha huko mradi uliojulikana kwa kifupi chake, TEHIP. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: je, wilaya inatumia fedha zake za afya kwa yale yanayowaua watu wake? Ili kulijibu ilibidi kwanza kujua kinachowaua, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu wengi walifia nyumbani. Basi watu walitembea kaya kwa kaya. Palipotokea msiba, baadaye walirudi kuzungumza na wafiwa taratibu: marehemu alikuwa na homa? Alikohoa kwa muda gani? Mtoto alidegedega? Majibu hayo yalisomwa na waganga, wakakadiria chanzo cha kifo. Ni kazi inayohitaji takwimu na adabu kwa pamoja. Asiyejua kuketi mkekani na mama aliyefiwa hatapata takwimu za maana.

Walipoweka vifo upande mmoja na bajeti upande wa pili, mambo hayakulingana. Huko Morogoro malaria ilikuwa inabeba asilimia 30 hivi ya miaka ya uhai iliyopotea, na katika bajeti ya afya ya 1996 ilipewa asilimia 5. Hakuna aliyeiba. Ilinakiliwa bajeti ya mwaka uliopita, ikaongezwa hapa na pale kwa matakwa ya mfadhili. Timu za wilaya zilipopewa michoro rahisi ya kuonyesha jambo hilo, pamoja na nyongeza ndogo ya fedha, ambayo ilikuwa kama dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka na hata hizo hawakuzimaliza, zilihamishia nguvu kwenye malaria na magonjwa ya watoto: waganga wakafunzwa upya namna ya kumpima mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya dalili moja moja, na vyandarua vyenye dawa vikasambazwa. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Hapa darasa huwa linapiga makofi, nami huwakatiza. Je, ni bajeti peke yake? Katika miaka hiyo hiyo vyandarua vilikuwa vinaenea kwingine pia. Mvua zilikuwaje? Wilaya jirani, ambazo hazikuwa na mradi, zilishuka kiasi gani? Mwanafunzi anayeuliza maswali haya bila kuidharau kazi iliyofanyika ameanza kuiva. Anayeishia kwenye asilimia 40 bado ni msomaji wa vichwa vya habari.

Wazazi wengi hawajui kwamba nusu ya masomo haya yana sura ya sayansi ya jamii. Kijana aliyekariri mzunguko wa Krebs hukutana ghafla na sosholojia, sheria, uchumi wa afya na mawasiliano, akahisi amedanganywa. Hakudanganywa. Choo hakijengwi na bakteria. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: vipindi vya redio, vikundi vya kusikiliza vijijini, kiongozi wa kikundi mwenye kitabu chake, na baada ya kila mjadala swali la sasa tufanye nini. Walishiriki watu wazima wapatao milioni mbili. Vyoo vya shimo vilichimbwa, nyasi zikafyekwa, maji yakachemshwa. Redio peke yake isingeweza. Watu walisikia pamoja, wakabishana, wakaamua mbele ya majirani zao, na ni aibu kuamua hadharani halafu usichimbe. Nusu karne baadaye bado tunachapisha mabango yenye picha ya mikono na sabuni, tunayabandika ukutani, tunaandika ripoti kwamba jamii imeelimishwa. Natamani kila mwanafunzi wangu aione tofauti hiyo kabla hajapewa bajeti ya mabango.

Kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho nina lalamiko. Kila mwaka hupokea mapendekezo lukuki yenye kichwa kile kile: uelewa, mtazamo na mienendo kuhusu hiki au kile, katika kata fulani. Dodoso linauliza kama unajua kunawa mikono ni muhimu. Watu mia mbili wanajibu ndiyo. Mwanafunzi anahitimisha kuwa elimu zaidi itolewe. Nani angejibu hapana? Afadhali aketi saa mbili karibu na bomba la soko ahesabu wanaonawa. Na hapo napo kuna la kujifunza, kwa kuwa kuwatazama watu nako kunahitaji kibali cha maadili, na mtu akijua anatazamwa hunawa.

Jina la shahada linapoteza watu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho mizizi yake ni chuo cha udaktari kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1963, kinatoa sayansi ya afya ya mazingira: maji, taka, usalama wa chakula, ukaguzi wa nyama, afya kazini, udhibiti wa magonjwa mipakani. Mzumbe wana usimamizi wa mifumo ya afya, unaomwandaa mtu wa mipango na fedha. Sokoine wana lishe ya binadamu. Hizi hazibadilishani. Wahitimu wa afya ya mazingira wana baraza lao la usajili chini ya sheria ya 2007, na halmashauri inayotafuta afisa afya wa kata itataka usajili huo. Aliyesoma kozi yenye jina la kupendeza isiyotambuliwa na baraza lolote atabaki nje ya lango. Nawaambia hivyo hivyo wenye ndugu Ulaya: Uingereza kuna shahada ya masomo ya afya iliyo nzuri kwa mtu wa sera na mashirika, lakini haimfanyi aliyeisoma kuwa muuguzi, na wapo walioigundua habari hiyo wakiwa wameshalipa ada.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, fungua mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, hakikisha kozi imeidhinishwa, kisha piga simu idarani uulize wahitimu husajiliwa na nani na fildi hufanyika wapi na kwa wiki ngapi. Idara inayosita kujibu hilo la fildi uiogope. Kuhusu ajira sitakudanganya: mwajiri mkubwa ni serikali kupitia halmashauri, vibali hutoka kwa awamu, na wanaosubiri ni wengi. Niwaonao wakipata kazi mapema, kwenye miradi, viwandani na migodini, mara nyingi ni wale walioshika takwimu kwa mikono miwili, wanaoweza kuletewa faili la data chafu Ijumaa na kulirudisha safi Jumatatu. Na wengi wao waliingia chuoni wakiniambia kwamba walichagua biolojia ili kuikimbia hesabu.