Msomi, Msomaji na Muuza Vitabu: Usomaji Usioandikwa katika Ulimwengu wa Vitabu vya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika tafiti za fasihi ya Kiswahili tumemshughulikia mtunzi, tumeishughulikia matini na, katika miongo ya karibuni, tumemshughulikia pia mpokezi wa matini hiyo. Mchapishaji naye hutajwa mara kwa mara. Mtu ambaye hatujamtilia maanani ni yule ambaye kitabu hupita mikononi mwake kabla ya kumfikia mpokezi, yaani muuza vitabu. Aghalabu tunamwona kuwa mfanyabiashara tu, ambaye habari zake ni za somo la uchumi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba muuza vitabu huru ni msomaji wa namna ya pekee, na kwamba usomaji wake ni tawi la uhakiki ingawa hauandikwi popote. Kwa “muuza vitabu huru” tunamaanisha mtu asiye wakala wa mchapishaji mmoja, wala wa serikali, wala wa dhehebu. Ambaye huchagua mwenyewe, kwa mtaji wake mwenyewe, vitabu vya kuweka rafuni. Tutaanza na ushahidi wa lugha, kisha tutaeleza hali ya duka la vitabu, na mwisho tutaonyesha muuza vitabu anavyosoma.

2.0 Ushahidi wa Lugha

Neno chuo, ambalo leo lina maana ya taasisi ya elimu, zamani lilikuwa na maana ya kitabu. Ndiyo sababu utenzi mkongwe unaojulikana kama Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Neno kitabu, lenye asili ya Kiarabu, lilipotwaa nafasi hiyo, chuo kilihamia mahali ambapo vitabu husomwa. Kwa hiyo, lugha yetu imekwisha kukihamisha kitabu na kukitia shuleni.

Kitenzi -soma kinaonyesha mwelekeo huohuo. Mtu akituambia, “Juma aliacha kusoma akiwa na miaka kumi na mitano,” hatufahamu kwamba Juma hakufungua tena kitabu. Tunafahamu kwamba alitoka shule. Maana mbili, ya kupitisha macho juu ya maandishi na ya kuwa mwanafunzi, zimo katika kitenzi kimoja, na mara nyingi ile ya pili huimeza ya kwanza.

Hata hivyo, unyambuaji wa nomino za mtendaji unatupa upambanuzi ambao kitenzi hakitupi. Kutokana na -soma tunapata msomi na tunapata msomaji. Kiambishi -i hapa huonyesha hali iliyokwisha kupatikana, ilhali -aji huonyesha tendo linalorudiwarudiwa hadi likawa mazoea. Mtu huwa msomi mara moja, naye hubaki msomi hata asipofungua kitabu tena. Msomaji ni msomaji kwa sababu tu anaendelea kusoma. Jamii inaweza, basi, kuzalisha wasomi wengi bila ya kuzalisha wasomaji, na sarufi yetu inaruhusu jambo hilo lisemwe pasipo kujipinga.

3.0 Duka la Vitabu na Shule

Upambanuzi huo unatusaidia kueleza hali ya duka la vitabu katika Afrika Mashariki. Duka hilo limeishi kwa kumhudumia mwanafunzi. Vitabu vya kiada, madaftari na kalamu ndivyo vilivyolipa kodi ya pango. Riwaya na diwani, ambazo huuzwa polepole, zilikaa rafuni kwa hisani ya vitabu vya shule. Mapato ya Januari ndiyo yaliyoihifadhi diwani hadi Novemba, alipotokea mtu mmoja wa kuinunua.

Nchini Kenya, baada ya elimu ya msingi kufanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, shule zilipewa fedha za kununua vitabu vilivyoidhinishwa, nazo zikavinunua madukani. Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani ilivitoza vitabu asilimia 16. Mwaka 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Lengo lilikuwa jema, kwani lilikusudiwa kila mwanafunzi apate nakala yake katika kila somo, na hatuna sababu ya kulibeza. Lakini utaratibu huo ulimwondoa muuza vitabu katika mnyororo. Tanzania nayo, iliyokuwa imefungua soko la vitabu vya shule katika miaka ya 1990, iliikabidhi Taasisi ya Elimu Tanzania jukumu la vitabu vya kiada kuanzia mwaka 2013.

Matokeo yake ni kwamba muuza vitabu amebakiwa na msomaji baada ya kuondokewa na mwanafunzi. Yule aliyekuwa akiuza vitabu bila ya kuvisoma, kwa kufuata orodha ya wizara, hana tena cha kuuza. Anayeweza kubaki ni yule ambaye yeye mwenyewe ni msomaji.

4.0 Muuza Vitabu Husomaje?

Kwa miaka mingi nilikuwa mteja wa duka dogo la vitabu mjini Mombasa. Mwenyewe hakuwa msomi kwa maana tuliyoieleza, kwani elimu yake iliishia darasa la nane. Kutokana na kumtazama akifanya kazi, nimebainisha namna tatu za usomaji wake.

Kwanza, alisoma kitabu. Hakukisoma ili akifasiri kama tufanyavyo sisi, bali ili ajue kinakaa karibu na kitabu gani. Rafu yake haikupangwa kwa alfabeti wala kwa utanzu. Kuli ya Shafi Adam Shafi ilikaa kando ya tawasifu na vitabu vya historia ya vyama vya wafanyakazi. Huo ni ulinganishi wa matini, ingawa umeandikwa kwa mbao na misumari.

Pili, alimsoma mteja. Swali lake la kwanza halikuwa “Unataka kitabu gani?” bali “Mara ya mwisho ulimaliza kitabu gani?” Kitenzi -maliza hapa kina uzito. Alikwishang’amua kwamba watu hutaja vitabu walivyovianza, na kwamba ladha ya mtu hujulikana kwa kile alichokimaliza.

Tatu, alisoma pengo. Chini ya meza yake palikuwa na daftari la shule ambamo aliandika kila kitabu kilichoulizwa naye asiwe nacho, pamoja na tarehe. Kitabu teule kilipobadilishwa, kwa mfano Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilipochukua nafasi ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, daftari lilimwonyesha ni nani waliokuwa bado wanakiulizia kile cha zamani. Hao, alisema, ndio wasomaji. Wengine walikuwa watahiniwa.

Duka hilo lilifungwa mwaka uliofuata ule wa 2018. Vitabu viliuzwa kwa kilo. Daftari sijui lilikokwenda. Nililiona mara nyingi, na hata mara moja sikuomba kulinakili. Wakati huohuo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa uzamili kwamba hatuna data kuhusu mapokezi ya riwaya ya Kiswahili.

5.0 Habari za Ulimwengu wa Vitabu

Kazi nyingine ya muuza vitabu ni kuigeuza habari kuwa kitabu kilichoshikika mkononi. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ametunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Wanafunzi wangu walikuja siku iliyofuata wakiuliza wasome nini kwa Kiswahili, maana riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Siku ile haikuwapo.

Niliwajibu kisomi: niliwaeleza uhusiano wa fasihi ya Kiingereza na fasihi za Kiafrika. Usiku nilitambua kwamba swali lao halikuwa langu. Lilikuwa la muuza vitabu, naye angelijibu kwa mkono. Kwa kuwa Paradise inasimulia misafara ya biashara kutoka pwani kwenda bara, angewapa wasifu wa Tippu Tip, alioutunga mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa anayetaka Unguja ya wakati wa ukoloni, angempa Vuta N’kuvute ya Shafi Adam Shafi, ambayo mwaka huohuo wa 2021 ilitolewa kuwa filamu na Amil Shivji. Habari ya Stockholm ingekuwa imefika rafuni kabla ya adhuhuri.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba muuza vitabu huru hutenda yale ambayo wahakiki huyaandika: hulinganisha matini, huchunguza wapokezi na hubainisha mapengo. Tofauti ni kwamba maarifa yake hufa pamoja na duka lake.

Tunapendekeza mambo mawili. Mosi, idara za Kiswahili ziyahesabu madaftari, ankara na masimulizi ya wauza vitabu kuwa data ya fasihi, na wanafunzi wa uzamili watumwe kuyakusanya wakati wenyewe wangali hai. Pili, sisi wenyewe tununue vitabu madukani badala ya kuwapa wanafunzi nakala za fotokopi. Msomi anayefundisha riwaya kwa fotokopi anamnyima riziki mtu ambaye angemgeuza mwanafunzi huyo kuwa msomaji baada ya mtihani.