Hakimiliki katika Podikasti

Mtayarishaji wa podikasti anayejitegemea hana mwanasheria wala mhariri wa kumkanya. Yeye mwenyewe ndiye mtunzi, fundi na mchapishaji. Kwa hiyo yambidi azijue pande mbili za hakimiliki: ule unaomlinda yeye, na ule unaowalinda wengine dhidi yake.

Upande wa kwanza ni mwepesi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kongo ni mwanachama wake tangu mwaka 1963, haumlazimishi mtunzi kuandikisha kazi yake ili ilindwe. Ulinzi huanza kazi inapotungwa. Nchini Kongo, sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 humlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, kilindwacho ni namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Anayesimulia historia ya migodi ya Katanga kwa maneno yake hamwibii aliyemtangulia. Anayenakili maneno ya mwenziwe ndiye mkosaji.

Upande wa pili una mitego. Wimbo mmoja uliorekodiwa hubeba haki kadhaa: ya aliyeutunga, ya walioupiga na kuuimba, na ya aliyegharamia kuurekodi. Ruhusa ya mmoja si ruhusa ya wote. Dhana kwamba sekunde chache za muziki ni halali kwa kila mtu haina msingi katika Mkataba huo. Kinachoruhusiwa ni nukuu isiyozidi haja iliyokusudiwa, mathalani uhakiki, tena yenye kutaja chanzo na jina la mtunzi.

Madhara ya mapatano mabaya yalidhihirika Afrika Kusini. Solomon Linda alirekodi wimbo wake «Mbube» mwaka 1939, akaachia haki zake kwa malipo duni. Alifariki mwaka 1962 akiwa fukara, ilhali wimbo ulizunguka dunia nzima. Warithi wake walipata suluhu mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani.

Funzo lake lamhusu pia anayerekodi ngano za wazee. Ngano ni urithi wa jamii, lakini usimulizi ni kazi ya msimulizi. Basi kabla ya kurekodi, heri pande zote mbili ziandikiane: nani atatajwa, sauti itatumika wapi, na mapato, yakipatikana, yatagawanywaje. Karatasi moja iliyotiwa sahihi yaweza kuepusha ugomvi wa vizazi viwili.